Tumewapa Mioyo Watu Wasiotujua

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetuumba na akatia mapenzi ndani ya nyoyo zetu ili tuyatumie pale anaporidhia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Ahli zake na Masahaba wake.



Mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo lililoingia madrasa yetu bila ya kubisha hodi. Nalo ni mapenzi ya kupindukia juu ya wachezaji wa mpira na waigizaji wa sinema, na uadui unaozaliwa na mapenzi hayo. Kwa kawaida makala kama hii huanza kwa aya na hadithi. Leo tutaanza na kisa kilichotokea hapa hapa kwetu, kwa sababu ndicho kilichotufanya tushike kalamu.

Tulikuwa na wanafunzi wawili walioanza pamoja kusoma alifu na wakafika pamoja Juzuu Amma. Kila jioni walikuja madrasa wamepakizana kwenye baiskeli moja. Mmoja alikuwa Simba na mwenzake Yanga, na kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa la kuchekesha tu. Kisha wote wawili wakapata simu, wakaingia katika kundi la vijana wa mtaani. Usiku mmoja baada ya mechi, mmoja alituma picha ya kumdhihaki mwenzake, na mwenzake akajibu kwa kumtukania mama yake mbele ya kundi zima. Tangu siku ile hawakusalimiana. Wakikutana penye bomba la kutilia udhu, mmoja alisimama mbali akasubiri mwenzake aondoke. Sisi walimu tuliyaona hayo. Tukacheka, tukasema ni mambo ya watoto, yatapita.

Wiki chache baadaye baba wa yule aliyetukaniwa mama yake akafariki dunia. Madrasa nzima tulikwenda kuzika. Tulipokuwa tukigawa majuzuu kwa ajili ya khitma, tulimwuliza kijana wetu, "Mwenzako yuko wapi?" Akajibu huku macho yako chini, "Ustadh, yule hawezi kuja. Yule ni wa timu ile."

Jibu lile lilitukata maini. Marehemu ndiye aliyekuwa akiwanunulia wote wawili mihogo ya kukaanga kila Ijumaa jioni. Vijana wawili waliokula kwa mkono mmoja walitenganishwa na watu ishirini na wawili wasiojua kuwa vijana hao wapo duniani.

MCHEZO WENYEWE HAUNA UBAYA

Tusieleweke vibaya. Hatukuja kuwaambia kwamba kucheza mpira ni haramu. Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.). Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na baada ya muda wakashindana tena naye akamshinda, akamtania kwamba hiyo ni kulipa ile ya mwanzo. Masahaba walishindana mbio za farasi na kulenga mishale. Mwili wenye nguvu ni neema, na kijana anayecheza jioni kwenye kiwanja kisha akaoga na kuwahi Magharibi hana lawama kwetu.

Hata huzuni ya kushindwa ni ya kibinadamu. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia aliyeitwa Al-Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi katika mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana akamshinda. Waislamu waliona uchungu mpaka ukaonekana nyusoni mwao. Mtume (S.A.W.) akawafundisha kwamba hakuna kitu kinachonyanyuka katika dunia hii ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Hebu tuzingatie. Aliyeshindwa hapo ni ngamia wa Mtume mwenyewe, na bado hakuna aliyemtukana bedui wala kumchukia. Huzuni yao iligeuzwa somo, na mambo yakaishia hapo.

WATANI WA JADI

Wazee wa Dar es Salaam wanazijua timu hizi mbili kuliko sisi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, baadhi ya watu walijitenga wakaunda timu yao, ambayo ilipitia majina kadhaa, likiwemo la Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipoitwa Simba. Kwa hiyo hata hao tunaogombana kwa ajili yao ni watoto wa nyumba moja, na makao yao yako Kariakoo, mtu aweza kwenda kwa miguu kutoka huku hadi kule.

Ndiyo maana wahenga wa mpira wakaziita timu hizi watani wa jadi. Neno hilo tunalitamka kila siku bila ya kulipima. Utani katika makabila yetu una haki na wajibu wake. Mtani ana ruhusa ya kukucheka na kukuchukulia kitu chako, nawe huruhusiwi kukasirika. Lakini likikufika jambo, mtani huyo huyo ndiye anayetakiwa awe wa mwanzo kufika, ashike jembe la kuchimbia kaburi na abebe yale mazito ambayo wafiwa hawayawezi. Anayekucheka siku ya furaha anadaiwa mabega yake siku ya msiba.

Sasa tujiulize. Yule anayetukana wazazi wa mwenzake kwa ajili ya mabao mawili, kisha asionekane mazikoni, ni mtani gani huyo? Tumechukua kicheko cha utani, tukauacha wajibu wake.

Tena Qur'ani Tukufu, katika Suratul Hujurat, imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, kwa kuwa huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka. Na siku moja safarini, Muhajirina mmoja alimpiga teke Ansari, na kila mmoja akapiga ukelele kuwaita watu wa upande wake. Mtume (S.A.W.) aliposikia aliwaamuru wauache wito huo, kwani ni kitu kinachonuka. Wanafunzi wetu, Muhajirina na Ansari ni majina matukufu yaliyotajwa kwa sifa ndani ya Qur'ani. Ikiwa hata majina hayo yalinuka yalipotumiwa kuwagawa Waislamu, jina la timu litakuwaje?

YALIYOWAFIKA WENGINE

Wako watakaosema kwamba tunalikuza jambo dogo. Basi tutazame yaliyotokea.

Kabla ya kuzaliwa Mtume wetu kwa miaka karibu 40, mji wa Constantinople uligawanyika kwa mashabiki wa mbio za magari ya farasi, Kijani na Buluu. Mwaka 532 ghasia zilizoanzia katika kiwanja cha mbio ziliteketeza sehemu kubwa ya mji, na mwandishi wa zama zile, Procopius, ameeleza kuwa watu wapatao 30,000 waliuawa. Ugonjwa huu ni wa kale.

Tusidhani ni wa makafiri peke yao. Tarehe 1 Februari 2012, katika mji wa Port Said nchini Misri, timu ya Al-Masry iliifunga Al-Ahly mabao 3-1. Filimbi ya mwisho ilipolia, mashabiki wa timu iliyoshinda waliwavamia wale walioshindwa. Watu 74 walikufa. Hawa ni watu wa nchi moja, wengi wao wa dini moja, wanaoelekea kibla kimoja. Na walioanza hawakuwa na uchungu wa kufungwa, maana walikuwa wameshinda!

Na hapa kwetu, tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger ya Algeria katika fainali ya Kombe la Shirikisho, msongamano wa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa uliondoa roho ya mtu mmoja na kujeruhi wengine wengi. Hapo hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na haraka tu ya kuwahi, haraka ambayo wengi wetu hatuwi nayo tunaposikia adhana.

Tena mwezi wa Mei 2009, Arsenal ilipofungwa 3-1 na Manchester United katika nusu fainali ya Ulaya, kijana mmoja jijini Nairobi alijitoa uhai usiku ule. Mwenyezi Mungu atuhifadhi na atupe subira. Siku tano baadaye timu ile ile iliingia uwanjani London ikacheza mechi nyingine. Tunaomba kila mwanafunzi asimame kidogo katika maneno haya. Yeye aliondoka duniani kwa ajili yao, nao waliendelea na ratiba yao.

SINEMA NA PICHA ZINAZOMWAGIWA MAZIWA

Watu wa pwani tumezipenda filamu za Kihindi tangu zama za babu zetu, na wapo mama zetu wanaoimba nyimbo zake bila kujua maana ya neno hata moja. Hilo tunalitaja kwa sababu vijana, hasa mabinti, wana picha za waigizaji katika simu zao na katika madaftari ya madrasa, na wapo walionuniana kwa kubishana nani bora kati ya waigizaji wawili.

Katika nchi zilikotoka filamu hizo, mapenzi haya yamefika mbali. Kusini mwa India, filamu mpya inapotoka, wapo mashabiki wanaomwagia maziwa picha kubwa ya mwigizaji wao kama wanavyomwagia masanamu yao. Mjini Kolkata, Amitabh Bachchan amejengewa hekalu na mashabiki angali hai. Mwaka 1987 alipofariki M. G. Ramachandran, mwigizaji aliyekuwa mkuu wa serikali ya jimbo la Tamil Nadu, watu wapatao 30 walijiua kwa majonzi. Na tarehe 4 Desemba 2024 mjini Hyderabad, mwigizaji maarufu alipofika kwenye jumba la sinema watu walimkimbilia, na mama mmoja aliyekwenda na familia yake akafa katika msukumano, na mwanawe mdogo akalazwa hospitali hajitambui.

Mwanafunzi atasema, "Ustadh, wale si Waislamu. Sisi hatuabudu picha." Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tukumbuke jinsi ibada ya masanamu ilivyoingia duniani. Katika Surat Nuh yametajwa majina matano: Waddi, Suwaa, Yaghutha, Yauqa na Nasra. Ibn Abbas (R.A.) ameeleza kwamba hayo yalikuwa majina ya watu wema. Walipokufa, shetani aliwashawishi jamaa zao wasimamishe masanamu pale walipokuwa wakikaa, ili wawakumbuke tu. Kizazi kile hakikuyaabudu. Kilipokwisha na elimu ikapotea, waliofuata wakayaabudu. Basi ikiwa mlango ule ulifunguliwa kwa mapenzi ya watu wema, tutasalimika vipi sisi na mapenzi ya watu ambao wema wao hatuujui?

Mtume wetu mwenyewe (S.A.W.), aliye mbora wa viumbe, alitukataza kumsifu kupita kiasi na akataka aitwe mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

HAWATUJUI

Hili ndilo tunalotaka libaki vichwani mwenu hata mkisahau mengine yote. Mchezaji hakujui. Mwigizaji hakujui. Ukiumwa hatakuja kukutazama, ukifa hatakuswalia, na Siku ya Kiyama atakuwa ameshughulishwa na hesabu yake. Anayekujua ni huyu unayemtukana kwa ajili yake, huyu anayesimama bega kwa bega nawe katika safu.

Na wao wenyewe hawana uadui tunaowabebea. Clatous Chama alishangiliwa miaka mingi na watu wa Simba, na mwaka 2024 akavaa jezi ya Yanga. Robin van Persie alikuwa nahodha wa Arsenal, na mwaka 2012 akahamia Manchester United. Hatuwalaumu, hiyo ni kazi yao na mtu hufuata riziki yake. Lakini yeye amehama kwa siku moja, na wewe uliyemvunjia mwenzako heshima kwa ajili yake umebaki na uadui usiojua wa kumrudishia.

Wengine hujitetea kwa kusema, "Mimi nampenda mchezaji fulani kwa kuwa ni Mwislamu, anasujudu akifunga bao." Ni vizuri kufurahi kumwona Mwislamu hafichi dini yake. Basi tumfuate katika hilo lililo jema. Mwaka 2006, Frédéric Kanouté, mchezaji wa Mali aliyekuwa katika timu ya Sevilla ya Hispania, alikataa kuonyesha kifuani jina la kampuni ya kamari iliyokuwa ikiidhamini timu yake. Mwaka 2007 alitoa fedha zake kuuokoa msikiti wa mji huo uliokuwa unataka kuuzwa. Huyo alikuwa tayari kugombana na waajiri wake kwa ajili ya kamari. Na sisi tuna vijana, na wengine wana baba zao, wanaompenda mchezaji Mwislamu huku mfukoni wamekunja karatasi ya kubeti wanayoiita mkeka! Jina la mkeka wetu wa kuswalia limepewa kamari, na tunacheka. Surat Al-Maida imeiweka kamari pamoja na pombe na masanamu. Ushabiki ndio unaowavuta wengi kwenye mlango huo.

LAWAMA YETU SISI WAKUBWA

Si haki kuwalaumu watoto peke yao. Mtoto aliyemtukana mwenzake katika simu alijifunza wapi? Wapo wazazi wanaotukana mbele ya runinga watoto wakiwa mapajani. Wapo wanaonunua jezi mpya kila msimu na ada ya madrasa ikawa inadaiwa toka mfungo sita. Wapo wanaoamka saa tisa za usiku kutazama mechi za mbali, ikifika Alfajiri wakalala.

Na sisi walimu hatumo nje. Siku ya mechi ya watani tumewahi kuwaruhusu wanafunzi mapema, tukawaambia kuna udhuru. Udhuru wenyewe ulikuwa ni sisi kuwahi kibanda cha kutazamia mpira. Tunaomba msamaha kwenu na kwa Mola wetu.

Tena liko kosa jingine letu. Tumezoea kulalamika kwamba kijana anajua majina ya wachezaji kumi na mmoja na hawajui Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Ni kweli. Lakini mchezaji amemjua kwa visa: alizaliwa katika umaskini, akacheza pekupeku, akavunjika mguu, akarudi. Masahaba tumempa majina tu, ayakariri, na akikosea kuna bakora. Nani amempa kisa cha Bilal (R.A.) juu ya mchanga wa moto? Nani amemhadithia Mus'ab bin Umair (R.A.), kijana aliyekuwa akivaa vizuri kuliko vijana wote wa Makka, na siku aliyouawa Uhud nguo yake ikawa haimtoshi kumfunika kichwa na miguu? Kijana akivisikia visa hivyo moyo wake utapenda wenyewe. Hivyo kuanzia mwaka huu, kila Alhamisi baada ya Asri itakuwa ni ya visa vya Masahaba, bila ya kukariri na bila ya bakora, na wazazi wanakaribishwa.

TUFANYE NINI

Kwanza, tupime. Ikiwa mechi inakuchelewesha swala, ikiwa ulimi wako unatukana, ikiwa fedha yako inakwenda katika kamari, ikiwa timu ikifungwa humsemeshi mama yako, basi umeshatoka katika kupenda mchezo, na mchezo umekuwa bwana wako.

Pili, tuurudishe utani mahali pake. Cheka na mwenzako, naye akucheke, lakini usiguse mzazi, dini wala umbo lake, na mkiachana mpeane mkono. Akifikwa na jambo, uwe wa mwanzo kubisha hodi kwake.

Tatu, tukumbuke ile furaha ya Masahaba. Bedui alipomwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu Kiyama, aliulizwa amekiandalia nini. Akasema hana ila kumpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Akaambiwa atakuwa pamoja na anaowapenda. Anas (R.A.) alieleza kwamba hakuna kilichowafurahisha kuliko maneno hayo. Basi tuchague leo wa kuwa pamoja nao.

Tunamalizia kwa wale vijana wetu wawili. Jioni ya siku ya tatu ya msiba tulikwenda nyumbani kwa yule ambaye hakuja. Tulijiandaa kumgombeza. Tukamkuta kibarazani amevaa kanzu. Mama yake akatuambia kwamba huvaa kanzu ile kila siku tangu msiba utokee, hutoka mpaka kona ya mtaa, kisha hurudi. Tukamwuliza kwa nini. Akasema, "Naona haya, ustadh. Nilimtukania mama yake, na leo mama yake yuko eda."

Hatukumgombeza. Tulimshika mkono tukaenda naye. Alipofika alitoa salamu, akakaa mkekani, akapewa juzuu akasoma. Mwenzake hakusema kitu, lakini alisogea akampa nafasi karibu yake. Baiskeli sasa imerudi kubeba watu wawili, na mmoja bado ni Simba na mwingine bado ni Yanga.

Lakini mazishi yale hayarudi. Mchanga aliostahiki kumtilia mzee wake hakuutia. Kila mwanafunzi anayesoma maneno haya amtazame mwenzake aliyenuniana naye kwa ajili ya timu au mwigizaji, na amwendee leo, kabla haujafika msiba.

Ewe Mola wetu, tusafishie nyoyo zetu, tuunganishe sisi kwa sisi, na utujaalie mapenzi yetu yawe kwa ajili yako. Amin.

Wabillahi tawfiq.